Barua kwa Ndugu Zangu wa Nyakahura: Msilitupe Daftari

Wazee wangu, mama zangu, kaka, dada na vijana wote wa Nyakahura,

  

Dhumuni la barua hii ni jambo linalonikera kila ninapoongea na nyumbani kutoka huku Uingereza. Siku hizi nikipiga simu, habari ni za mtandao. Mkulima kafuata mbolea ya ruzuku, karani kamwambia jina lake halimo kwenye mfumo. Akatoa kitambulisho, akataja kitongoji, akataja na mwenyekiti wake, jibu likabaki lile lile: mfumo haukutambui. Mama mwingine kaenda kwa wakala, kaambiwa hela imeshatoka, na yeye hajaishika. Wote wawili wamerudi nyumbani kimya, maana aliyesema ni kompyuta, na nani abishane na kompyuta? Mimi nasema tubishane nayo, tena kwa ushahidi.

Nianze na kitu kilicho jirani yenu. Anayeshika barabara ya Lusahunga kwenda Rusumo akikaribia mpaka, simu yake inaweza kudaka mnara wa Rwanda. Hapo saa inarudi nyuma saa nzima, kwa sababu Rwanda iko nyuma yetu kwa saa moja. Watu wawili wanakaa benchi moja, upande mmoja wa mto wa mpakani, jua moja juu ya vichwa vyao. Simu ya huyu inasema saa saba mchana, ya mwenzake inasema saa sita, na kila mmoja yuko tayari kuapa. Basi halijui habari hizo, linaondoka kwa saa ya Tanzania. Simu ile haikukusudia kudanganya. Imetii mnara ulioishika, na mnara haujui mwenye simu amekaa wapi. Kompyuta zote ziko hivyo: zinasema walichoziambia watu waliozitengeneza na watu waliozijaza taarifa, na zinasema kwa sauti ile ile, iwe kweli au kosa.

Huku Uingereza kosa la namna hiyo limewafikisha watu pabaya kuliko kuachwa na basi. Posta ya huku ina ofisi ndogo vijijini na mitaani zinazoendeshwa na watu binafsi kwa mkataba. Mtu ana duka lake la mkate na maziwa, na pembeni kuna dirisha la posta la stempu, vifurushi na pensheni za wazee. Ni mawakala, kama hawa wetu wa kutoa na kutuma fedha. Kuanzia mwaka 1999 Posta iliwafungia programu ya hesabu iitwayo Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Kabla ya kufunga hesabu wakala anahesabu fedha za droo, kisha analinganisha na kompyuta. Ikaanza kutokea kwamba kompyuta inasema fedha zimepungua. Mtu anahesabu tena, anahesabu mara ya tatu, droo iko vilevile na kompyuta iko vilevile. Posta ilimtaka wakala afidie upungufu. Watu wakamaliza akiba zao, wakakopa, wakaweka nyumba rehani kulipa fedha ambazo hazikuwahi kupotea.

Jo Hamilton alikuwa na duka la namna hiyo katika kijiji cha South Warnborough. Kompyuta ilimwonyesha upungufu wa pauni kama 2,000. Akapiga namba ya msaada, akafuata maelekezo hatua kwa hatua, na palepale mbele ya macho yake upungufu ukawa mara mbili. Alifikishwa mahakamani, na akakiri kosa la kuandika hesabu za uongo ili aepuke shtaka la wizi na jela. Wanakijiji wenzake walimchangia fedha na kwenda mahakamani kwa wingi kumsimamia. Hao walikuwa na ushahidi ambao kompyuta haikuwa nao, kwamba mama huyu wanamjua. Seema Misra wa West Byfleet hakuponea hapo. Mwaka 2010 alifungwa miezi 15 akiwa mjamzito.

Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kati ya mwaka 1999 na 2015 kwa sababu ya hesabu za programu hiyo. Wengi waliambiwa kwamba tatizo hilo ni lao peke yao, hakuna wakala mwingine aliyelalamika. Sheria ya Uingereza nayo ilikuwa ikichukulia kwamba kompyuta iko sawa mpaka anayepinga aonyeshe kasoro yake. Muuza mkate ataonyeshaje kasoro ya programu asiyoruhusiwa kuifungua?

Aliyeanza kulifungua fundo ni Alan Bates, wakala wa Llandudno huko Wales. Kompyuta ilipomletea upungufu usioeleweka alikataa kuukubali, akaandika barua baada ya barua, akatunza kila karatasi. Mwaka 2003 Posta ilimnyang'anya mkataba, lakini karatasi zake alibaki nazo. Alitafuta wenzake mmoja mmoja, mpaka wakafika 555 na kufungua kesi. Desemba 2019 Mahakama Kuu ilisema wazi kwamba Horizon ilikuwa na kasoro zilizoweza kuleta upungufu wa uongo. Aprili 2021 Mahakama ya Rufani ikawafutia hatia watu 39 kwa mpigo. Januari 2024 habari hiyo ilionyeshwa kwenye televisheni kama mchezo wa kuigiza, nchi nzima ikakasirika, na Mei mwaka huohuo Bunge likapitisha sheria ya kuwafutia hatia mamia waliobaki. Wengine walikuwa wameshazikwa na jina la wizi.

Nawaeleza haya kwa kirefu kwa sababu najua imani ya nyumbani kwamba Ulaya mashine hazikosei. Zinakosea. Na nchi yenye mahakama, magazeti na wataalamu wote hao ilichukua miaka ishirini kulikubali kosa la mashine moja.

Sisi Watanzania tulikuwa na wasiwasi na kompyuta mapema sana. Ya kwanza nchini ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye hesabu za Serikali zilipopelekwa kwenye mashine zilivurugika badala ya kunyooka, fedha nyingi zikateketea, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Katazo hilo lilikuja kulegezwa miaka ya 1980. Naielewa hasira ya wazee wale, walikuwa wanalinda hesabu ya umma. Lakini kufunga mlango hakukuwa dawa. Dawa ilikuwa kuwa na watu wanaoweza kuikagua mashine, na daftari la kuilinganisha nayo.

Majirani zetu Wakenya walilipeleka suala hilo la kuikagua mashine mbele ya majaji. Baada ya uchaguzi wa tarehe 8 Agosti 2017, Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga iliiamuru tume ya uchaguzi ifungue seva zake zikaguliwe. Tume haikulitimiza agizo hilo ipasavyo, na tarehe 1 Septemba matokeo ya urais yakafutwa. Hapo mahakama ya nchi ya Kiafrika ilikataa kuipokea hesabu kwa sababu tu imetoka kwenye kompyuta. Mkulima wa Nyakahura naye ana haki ya kuuliza kilo zake za mazao zimejumlishwaje.

Na ninyi mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole. Mwisho uliwekwa tarehe 31 Desemba 2019, vinginevyo laini zifungwe. Foleni za vitambulisho vya NIDA zilikuwa ndefu. Wako wakulima waliobonyeza kidole mara kumi mashine isisome kitu, maana mpini wa jembe ulikuwa umeshazifuta alama. Mtu kalima miaka arobaini, kalisha watoto na wajukuu, halafu kidude cha plastiki kinamwambia hana vidole. Siku za mwisho za Desemba Rais Magufuli, akiwa Chato jirani yetu, aliongeza siku 20. Mfumo usingeziongeza wenyewe. Ziliongezwa na mtu aliyeiona foleni. Kila mfumo unahitaji mtu mwenye mamlaka karibu yake, anayeweza kuiona foleni.

Tarehe 19 Julai 2024 nililiona hilo kwa macho. Kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho bovu la programu yake, na kompyuta kama milioni 8.5 duniani zikazima. Ndege zilikwama, na baadhi ya viwanja vikawaandikia abiria tiketi za kupandia kwa mkono. Mimi nilikuwa kwenye duka la dawa, foleni imefika mlangoni, skrini zote za kaunta ni za bluu. Vijana wa kaunta walisimama wameshika kiuno. Mfamasia, mama mtu mzima, aliinama chini ya meza akatoa kitabu chenye jalada gumu, akapiga mistari kwa rula, akaanza: jina, dawa, kiasi, saini. Foleni ikasogea. Kitabu kile hakikuhitaji umeme wala nywila, na hakuna mzee aliyeondoka bila dawa yake ya presha.

Hata hivyo simaanishi mrudi kwenye bahasha za fedha za kumpa konda wa basi. Nazikumbuka bahasha zile, na nakumbuka zilivyokuwa zikifika zimekonda. Tangu huduma za fedha kwa simu ziingie Tanzania mwaka 2008, mambo yamekuwa mepesi: natuma nikiwa huku, na mama anapokea kabla maji ya chai hayajachemka. Hilo ni jema kubwa, na atakayesema tuliache hajawahi kuuguliwa akiwa mbali. Ninachokataa ni kuipa mashine neno la mwisho.

Sasa naomba tufanye haya.

Wakulima na viongozi wa ushirika, mzani ukishasoma, kilo ziandikwe kwenye daftari la mkulima mbele yake, kwa tarehe na saini, hata kama zimeshaingizwa kwenye simu ya karani. Siku mfumo ukisema magunia manane na daftari linasema kumi, pawe na kitu cha kuweka mezani. Kijiji kizima kikiwa na madaftari, hakuna atakayeambiwa kwamba tatizo ni lake peke yake.

Mama zangu, namba ya siri ni ya mwenye simu. Hata mjukuu mpenzi akusaidie kubonyeza mengine yote, namba hiyo uibonyeze mwenyewe. Meseji ya muamala isomwe kabla ya kuondoka kwa wakala, na salio litazamwe. Ikija ile meseji inayosema ile hela itume kwenye namba hii, msitume hata shilingi. Mpigieni mnayemdhani kwa namba mnayoijua, kisha namba ya tapeli ipelekeni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040. Na kila mmoja abonyeze *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake, kwa sababu wako watu wanatumia majina yetu bila sisi kujua.

Vijana, epukeni mikopo ya haraka ya kwenye simu. Programu hizo zinaingia kwenye orodha ya namba zako zote, na ukichelewa siku moja, mkwe wako, mchungaji wako na mwalimu wako wanapokea meseji kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Novemba 2024 Benki Kuu ilizipiga marufuku programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyokuwa na leseni. Kabla ya kukopa, ulizeni leseni. Ninyi ndio mnaozijua simu, basi wasaidieni wazee kuzisoma, na msiwacheke wanapouliza. Anayeuliza maswali mengi ndiye asiyetapeliwa.

Watendaji na makarani, nawaomba kwa heshima. "Hakuna mtandao" ni taarifa, haijawa jibu. Mtu aliyetembea kutoka kitongojini tangu alfajiri anastahili kuandikwa jina lake kitabuni, kupewa karatasi yenye tarehe, na kuambiwa lini arudi na amwone nani. Mfumo ukikataa kumtambua mtu ambaye kijiji kizima kinamtambua, mwenye kosa ni mfumo, nao ndio urekebishwe.

Alan Bates alishinda kwa sababu alitunza karatasi na alikataa kukubali asichokielewa. Haya mawili yako ndani ya uwezo wa kila mtu wa Nyakahura, mwenye simu kubwa na mwenye kitochi. Daftari la kurasa themanini dukani halimshindi mtu. Nunueni, andikeni, tunzeni, na msisaini hesabu ambayo hamjaielewa.



Ndugu yenu wa Nyakahura,
Uingereza