Ilani ya Wajenzi wa Mtandao wa Jamii wa Vilima vya Taita

Wandugu wa milimani na wa tambarare, walimu, wakulima, mafundi, wanafunzi, akina mama wa vyama na vijana wote mnaotafuta kazi: wakati mpya umefika. Zama za kungojea zimekwisha, na leo tunazizika.

Mwaka 2009 nyaya za baharini zilitua Mombasa na kutuunganisha na dunia. Faiba ikapanda bara, ikapita Voi ikielekea Nairobi. Nasi tuliokaa juu ya vilima tukaambiwa tusubiri zamu yetu. Watoto waliozaliwa mwaka ule wamefika sekondari, na bado wapo wanaopanda mwamba jioni kutafuta netiweki ya kupakua somo moja. Utaratibu wa zamani ulituuliza swali moja tu: kijiji hiki kitaingiza faida gani? Ukapiga hesabu, ukatuona hatutoshi, ukapita. Umeshindwa. Hatutarudi mlangoni pake kubisha hodi.

Tunakataa kuuziwa maarifa kwa kibaba. Tunakataa bando la saa moja linalokatika mwanafunzi akiwa katikati ya hesabu, na mkulima akiwa hajamaliza kuulizia bei. Tunakataa nauli ya kuteremka mjini kwa ajili ya fomu ya serikali ya mtandaoni, ya eCitizen, ambayo ingejazwa barazani, nyumbani.

Tunakataa kuambiwa kwamba milima ndiyo iliyotuchelewesha. Kwa mchimba mtaro, mlima ni gharama. Kwa wimbi la redio, mlima ni neema. Asimamaye ukingoni mwa kilima cha Sagalla anaiona Voi chini yake, na panapoonana macho, dishi mbili huzungumza. Kule Venezuela, mwaka 2007, Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha sehemu mbili zilizoachana kilomita 382 kwa vifaa vya Wi-Fi. Sisi tunadai kilomita 10, kilomita 20. Nani atatuambia haziwezekani?

Tunakataa uongo kwamba watu wa kawaida hawawezi. Wakatalunya walianza Guifi mwaka 2004 kwa kuunganisha mapaa ya vijijini, na leo ni mtandao wa makumi ya maelfu ya vituo. Wanakijiji wa Mankosi, Afrika Kusini, waliunda ushirika wa Zenzeleni na kuendesha intaneti yao wenyewe kwa nguvu ya jua. Hapa hapa Kenya, vijana wa Kibera wamejenga mtandao wa TunapandaNET. Njia imeshafunguliwa, nasi tunaifuata.

Tunaamini kwamba anga ni mali ya umma. Masafa ya Wi-Fi, ya gigahazi 2.4 na gigahazi 5, hayana mwenye kuyahodhi. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliweka utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii. Tutaomba leseni hiyo mchana kweupe, tutaitundika ukutani, na tutafanya kazi kwa mujibu wa sheria tukiwa wenyeji kamili wa taifa hili.

Tunaamini kwamba mtandao huu utasimama juu ya ujirani. Wimbi haliendi kama uzi ulionyooshwa, hutanuka njiani. Kwenye gigahazi 5.8, dishi mbili zikiachana kilomita 10, wimbi linahitaji katikati ya safari nafasi ya mita 11 hivi kila upande wa mstari. Mkalitusi wa jirani ukirefuka ndani ya nafasi hiyo, darasa zima la ng'ambo linadhoofika. Basi tutakaa na jirani, tutaongea, tutapogoa kwa ridhaa yake au tutarefusha mlingoti wetu. Kila shamba ambalo wimbi linapita juu yake lina haki katika mtandao huu. Kwa hiyo hauwezi kuwa wa mtu mmoja.

Tunaamini kwamba fundi wa mtandao huu ni mtoto wa hapa. Tumtazame kazini: amejifunga mkanda juu ya mlingoti, spana mkononi, mwenzake chini ameshika simu akimsomea namba za nguvu ya wimbi. Hasi 78. Anaisogeza dishi kwa upana wa ukucha. Hasi 70. Anasogeza tena, anasubiri upepo utulie. Hasi 61. Hapo anakaza nati. Huo ni ujuzi ambao mikono yetu inaweza kujifunza na kufundishana, binti sawa na mvulana. Radi ikipiga usiku, hatutasubiri gari kutoka mji mwingine.

Tunaamini katika daftari lililo wazi. Tutanunua intaneti kwa jumla pale faiba inapopita, tutaipandisha milimani na kuigawa kwa haki. Kila shilingi itasomwa mbele ya wanachama: ya betri, ya paneli za sola, ya nyaya za kuongoza radi ardhini, ya posho ya fundi. Taifa hili lilijenga shule kwa harambee na likaweka akiba kwenye ushirika. Nguvu hiyo haijazimika.

Tunaamini katika kesho tunayoiona kwa macho yetu. Mkulima wa Werugha anajua bei ya soko la Kongowea kabla kabichi haijapakiwa kwenye lori, na dalali hamdanganyi tena. Muuguzi wa zahanati anamwuliza daktari wa mbali na kujibiwa mgonjwa akiwa bado kitandani. Shule ya Mgange ina seva yake ya masomo, na hata njia ya nje ikikatika, vitabu havifungiki. Bibi anamwona mjukuu aliye Doha bila kuhesabu dakika. Lugha yetu ya Kidawida inasikika mtandaoni kwa sauti za wenyewe. Kijana anapata kazi ya dunia akilala nyumbani kwao.

Wandugu, kesho hiyo haitaletwa na mtu. Mwenye paa refu atoe paa. Mwenye kilima aruhusu mlingoti. Mwenye spana aje nayo. Mwalimu afungue darasa kwa mafunzo ya jioni, chama kiweke fungu la kwanza, na mzee atuonyeshe sehemu ambazo vilima vinaonana. Asiye na kitu aje na mikono yake, kwa sababu kuna mashimo ya kuchimba. Jiandikisheni, jipangeni, tuanze kupanda.