Hakitengenezeki, Nunua Kingine

Katika maneno yote yasemwayo madukani siku hizi, hakuna yanayonichukiza kama haya: "Hakitengenezeki, mzee. Nunua kingine." Husemwa kwa upole, na kijana mwenye shati safi ambaye hajapata kushika bisibisi. Husemwa kana kwamba ni amri ya maumbile, kama mvua kunyesha wakati wa masika. La hasha! Ni uamuzi uliokatwa na watu, mezani, kwa faida yao.

Hebu tuanze na chombo tunachokijua sisi wazee. Mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ilitoa Walkman, mashine ya kaseti ya kutembea nayo, iliyotumia betri mbili ndogo za kawaida. Zikafuata nyingine za kila jina na kila bei, nazo zikafika hata kwenye nyumba za walimu. Ziliharibika, tena sana. Lakini ziliharibika kwa namna ambayo mtu aliweza kuielewa. Sauti ya mwimbaji ikianza kujikokota kama ya mlevi, ulijua kwamba mkanda wa mpira utokao kwenye mota umelegea. Ulifungua skrubu nne au tano, ukaukuta umelainika na kunata kama ulimbo. Ukafuta mabaki yake kwa pamba yenye spiriti, ukavisha mwingine, mfupi kidogo ili ukaze. Sauti ikiwa hafifu kama ya mtu aliyejifunika blanketi, mara nyingi kosa lilikuwa ni uchafu wa utepe ulioganda kwenye kichwa kinachousoma. Pamba ileile, spiriti ileile. Utepe ukichomoka, penseli ya pembe sita ilitosha kuurudisha. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliifungua mashine moja ya namna hiyo mbele ya darasa la saba ili waone jinsi mkanda unavyozungusha gurudumu, na sijapata kuwaona wametulia vile hata siku ya mtihani.

Kisha kikaja kizazi kingine. Mwaka 2001 Apple ya Marekani ilitoa iPod, kijisanduku cha kubeba nyimbo elfu moja mfukoni. Ni kazi ya kusifiwa, sikatai. Ila hakikuwa na mlango wa betri. Sasa betri ya lithiamu, ndugu msomaji, huzeeka. Kila ichajiwapo hupoteza nguvu kidogo, na baada ya miaka michache haishiki tena. Aliyeiweka ndani alilijua hilo kuliko wewe na mimi. Alijua ni kiungo gani kitakachokufa kwanza, na hicho hasa ndicho alichokizika. Mwaka 2003 ndugu wawili wa New York, Casey na Van Neistat, walitoa filamu fupi ya kulalamikia jambo hilo, na mwaka huohuo kampuni ilitangaza kwamba itabadilisha betri kwa dola 99. Mwaka 2022 ilitangaza mwisho wa iPod. Mtindo wa kuziba haukuisha. Umehamia kwenye simu, na kwenye visikilizio visivyo na waya, ambavyo kila sikio lina betri yake iliyogandishwa kwa gundi.

Mjukuu wangu alikuwa na chombo cha muziki cha aina hiyo, si cha kampuni niliyoitaja. Ndani yake alikuwa amerekodi hadithi za bibi yake, marehemu mke wangu. Betri ilipokufa hakikuwaka, hata kikiunganishwa na kompyuta. Dukani wakatoa jibu lao: nunua kingine. Kingine kitakuwa na sauti ya bibi? Tukaenda kwa fundi redio anayekaa chini ya mwembe karibu na stendi. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba, baba." Akakipasha joto taratibu mpaka gundi ikalegea, akapenyeza kipande cha plastiki, akakifungua kama chaza. Betri mpya aliichomea kwa risasi, akatutoza shilingi elfu kumi na tano. Sitaki kueleza hapa tulivyosikiliza jioni ile.

Najua majibu yao. Watasema kuziba kunazuia maji na kunafanya chombo kiwe chembamba. Lakini saa za mkononi zilizuia maji kwa miaka mingi, na kifuniko chake kilifunguliwa. Watasema betri hizi ni hatari zikitobolewa. Kweli, huwaka moto. Basi wafundishe mafundi na wauze spea halali, maana hatari si sababu ya kunifungia mlango wa kitu nilichokilipia. Watasema mafundi wengine ni matapeli, hubadilisha vifaa vizima kwa vibovu. Wapo. Matapeli wapo hata katika udaktari, wala hatujafunga hospitali.

Lakini na sisi walimu tusijitoe. Mwaka 1967 tulipewa Elimu ya Kujitegemea, na shule nyingi zikaishia kwenye jembe. Bisibisi haikuingia darasani. Badala yake nimesikia kwa miaka mingi, katika ofisi za walimu, mtoto akitishwa: "Usiposoma utaishia kuwa fundi!" Mtoto aliyelelewa kwa tishio hilo ndiye leo yuko nyuma ya kaunta, akituambia hakitengenezeki.

Wenzetu wameanza kuamka. Ufaransa ilianza mwaka 2021 kutaka simu na kompyuta za mkononi ziuzwe zikiwa na alama, kwa kumi, ya urahisi wa kutengenezeka. Umoja wa Ulaya umepitisha kanuni kwamba kuanzia 18 Februari 2027 betri za vyombo vingi vidogo ziwe za kutolewa na mwenye chombo mwenyewe. Hapa kwetu Shirika la Viwango hukagua bidhaa zinazoingia. Liongeze swali moja tu: betri yake inatoka? Kama haitoki, iandikwe hivyo juu ya boksi, kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama zile za bei.