Gitare za Bei Kali na Masikio Yetu

Kuna maneno ambayo tumechoka kuyasikia. Wanasema muziki wetu wa gitare umeanguka kwa sababu vijana hawana tena "gitare za kweli", na kwamba tukipata Gibson moja au Fender moja ya Marekani, sauti ya wazee itarudi. Yanasemwa matangani, yanasemwa kwenye mazoezi ya kwaya, yanasemwa sana sana na wale wenye kurudi kutoka Ulaya na sanduku jeusi mgongoni. Sasa yameingia hata katika mikutano ya chama chetu: kuna wenzetu wenye kutaka akiba ya mwaka mzima, ile tuliyochanga franka kwa franka, iende kununua gitare moja ya dola 5.000. Sisi tunaoandika ukurasa huu tunakataa. Na kwa sababu tuliambiwa mbele ya watu wote kwamba hatujui gitare, tutaeleza hapa polepole kile tunachokijua.

Kwanza tusidanganyane. Gitare zote haziko sawasawa, na mwenye kusema ziko sawasawa hajapiga. Gitare mbaya ina shingo yenye kupinda wakati wa mvua, vile vyuma vidogo vya shingoni vinakata vidole, na funguo zake zinaachia: unaweka sauti vizuri kabla ya wimbo, ubeti wa pili haujafika, kamba imekwisha kushuka. Gitare nzuri inakaa pale ulipoiweka. Hiyo ni kazi ya fundi, na kazi ya fundi inalipwa. Lakini mambo hayo yote unayapata kwa gitare ya dola 500 au 600, hata chini ya hapo kama imepita mikononi mwa mtu mwenye kujua. Toka pale mpaka 5.000 unalipa nini?

Watatujibu: unalipa tabia ya sauti. Vizuri, tuzungumze tabia ya sauti.

Gitare ya umeme inasikia kwa mikro, kile kisanduku chenye sumaku na waya wa shaba kilicho chini ya kamba. Mikro inashika mtikisiko wa chuma cha kamba. Mbao ina sehemu yake, lakini kamba zilizochakaa, ampli na bafle vinabadilisha sauti kuliko mbao yoyote ya kujivunia. Stratocaster ya Fender, iliyotoka mwaka 1954, ina mikro za koili moja. Sauti yake ni nyembamba, wazi, inalia kama kengele. Les Paul ya Gibson ilianza mwaka 1952, na tangu 1957 ikapewa mikro ya koili mbili ambayo fundi Seth Lover aliitengeneza ili kuondoa mngurumo wa umeme. Sauti yake ni nene, ya joto, kama ya mtu aliyeshiba. Zote mbili ni nzuri. Lakini nzuri kwa kazi gani?

Katika sebene yetu gitare haiko peke yake. Iko solo, iko mi-solo, iko akompa, na chini yao besi. Kila moja inapita katika nafasi iliyoachwa na nyingine. Ukiwapa wapigaji watatu sauti nene ya Les Paul, unapata bukari: kila kitu kimeshikana, hakuna kinachosikika. Kwa hiyo gitare yenye kusifiwa zaidi duniani na wapenzi wa roki inaweza kuwa chombo kibaya kabisa kwa kazi ya kwetu. Na ile nyembamba inaweza kukauka mno kwa mtu anayepiga peke yake chini ya mwembe. Mwenye kununua kwa kufuata jina ananunua masikio ya watu wengine.

Tazameni mi-composé. Wapigaji wetu waliondoa kamba ya nne, wakaweka mahali pake kamba nyembamba yenye kupanda okteva moja juu. Basi. Kitu hicho kidogo kiliipa rumba ya Kongo ule mng'ao ambao mtu wa Paris au wa Nairobi anautambua mara moja. Gharama yake ni kamba moja. Hakuna kiwanda kilichotuuzia.

Wenzetu wanapenda pia kutaja gitare za zamani, zile Les Paul za 1958 mpaka 1960 ambazo leo zinauzwa kwa mamia ya maelfu ya dola. Wanazitaja kama watu wanaotaja mifupa ya watakatifu. Hawaongezi kwamba zilipokuwa mpya hazikupata wanunuzi wa kutosha, na kampuni yenyewe ikaacha kuzitengeneza, ikaleta umbo lingine. Bei ilianza kupanda baada ya vijana wa Uingereza kuzishika, kama Eric Clapton kwenye sahani aliyopiga na John Mayall mwaka 1966, akiwa na ampli ya Marshall iliyofunguliwa mpaka mwisho. Mbao ilikuwa ileile ya siku haikuwa na mnunuzi. Kilichoongezeka ni vidole na ampli.

Na kuna jambo lenye kutuchekesha sana, sisi watu wa mila. Tangu mwaka 1995 Fender inauza gitare mpya zilizozeeshwa makusudi: rangi imekwaruzwa, chuma kimetiwa kutu, shingo imesuguliwa ili ionekane imepigwa miaka arobaini. Mteja analipa zaidi kwa mikwaruzo hiyo. Hapa kwetu gitare yenye kuonekana hivyo inaitwa takataka, na kijana anaificha mbele ya wageni. Uzee sasa unanunuliwa dukani! Na ndugu zetu walio tayari kulipia uzee wa rangi hawajapata kulipia nauli ya mzee mmoja aje kufundisha.

Sumaku pia inatuhusu. Sumaku za mikro zenye kusifiwa zinaitwa alniko: ni mchanganyiko wa aluminiamu, nikeli na kobalti pamoja na chuma. Katika aina yenye kutumiwa sana, alniko ya tano, kobalti ni kama sehemu 24 kwa 100. Kobalti hiyo, msomaji wa Katanga, unahitaji kuambiwa inachimbwa wapi? Vita vilipoingia Kolwezi mwezi wa tano 1978, bei ya kobalti ilipanda sana duniani, na watengenezaji wa bafle wakakimbilia sumaku za ferite zenye bei nafuu. Mpaka leo wapenzi wa sauti huko ng'ambo wanaililia bafle ya alniko ya kabla ya miaka ile. Wanaeleza utamu wake kwa maneno mengi. Kolwezi hawaitaji. Hatusemi kila gitare ya zamani ina udongo wetu ndani. Tunasema sehemu kubwa ya kobalti ya dunia ilitoka hapa, na shaba nyingi vilevile, tukaiuza kwa tani, na sasa tunaambiwa tuirudishe kwa bei ya gramu ili tupate kuwa na sauti.

Wengine wamejifanyia wenyewe. Marehemu Mingiedi Mawangu wa Konono No. 1, pale Kinshasa, alitaka likembe yake isikike katikati ya kelele za jiji. Alichukua sumaku za vyuma chakavu vya magari na waya wa shaba, akatengeneza mikro zake. Sauti ilitoka imepasuka, yenye makali, yenye kunguruma. Fundi wa Ulaya angeiita kosa. Sahani yao ya Congotronics ilipotoka mwaka 2004, Ulaya ileile iliinunua kwa sababu ya sauti hiyo, na hakuna duka lililokuwa nayo. Hapa Lubumbashi tuko na karindula: pipa la mafuta, ngozi ya mbuzi, mti mrefu, kamba nne. Nani amewahi kuuliza karindula ni ya kampuni gani?

Tunajua jibu lao lenye nguvu, na hatulikimbii. Wanasema: Franco na Docteur Nico hawakubaki na gitare za makopo, walipopata nafasi walishika gitare nzuri za Ulaya na Marekani. Ni kweli. Tena bila gitare ya umeme, ambayo Mbelgiji Bill Alexandre anatajwa kuwa aliileta Léopoldville mwanzoni mwa miaka ya 1950, rumba ingekuwa kitu kingine. Lakini angalieni utaratibu. Franco alianza na gitare aliyojitengenezea utotoni kwa kopo na nyaya. Chombo kizuri kilikuta vidole vimekwisha kujua kazi. Wenzetu wanataka chombo kifike kwanza, vidole vitafuata. Vitatoka wapi?

Hapo ndipo penye hatari, na ndipo tunapopandisha sauti. Mwenda Jean Bosco, mtu wa Bunkeya, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga gitare kavu, bila umeme, kwa kidole gumba na cha shahada tu. Gumba linatembea chini, shahada inaimba juu, unasikia watu wawili. Bosco alikufa mwaka 1990 kwa ajali ya barabarani huko Zambia. Wazee waliojifunza namna ile kwa kumtazama, au kwa kuwatazama waliomtazama, wamebaki wachache katika mji huu, na wengine wao vidole vinatetemeka. Mwaka 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo katika orodha ya urithi usioshikika. Usioshikika! Tukapiga vigelegele, kisha tukakimbia kutafuta kitu cha kushika.

Na tuseme wazi lile ambalo katika mkutano kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema: gitare moja ya dola 5.000 itakaa wapi? Gitare ya watu wote inalala katika chumba cha mtu mmoja. Mtoto wa miaka kumi na miwili hataruhusiwa hata kuigusa.

Hesabu yetu ni hii. Gitare kavu kumi za dola 100: dola 1.000. Kamba za mwaka mzima: 500. Fundi mmoja na vyombo vyake, anyooshe shingo na kusawazisha vyuma: 1.000. Wazee wawili wa kufundisha, kila mmoja dola 100 kwa mwezi, miezi kumi na miwili: 2.400. Jumla 4.900. Dola 100 zinazobaki ni za chai ya wazee, maana hakuna mzee anayefundisha na koo kavu.

Mwenye kutukatalia, aje na gitare yake ya bei kali siku ya mkutano ujao. Tutafunga pazia. Nyuma yake mpigaji mmoja, ampli moja, gitare tatu zenye kamba mpya, sebene ileile mara tatu. Mbele ya pazia wakae wale wenye kusema wanatambua Gibson kwa sikio, kila mmoja na karatasi yake, wasitazamane. Majina na majibu yatasomwa kwa sauti papo hapo. Jenerata tutaleta sisi. Petroli walete wao.