SHUHUDA ZA WALIOOKOKA: TUMSIKILIZE MWENYE SPIKA AU JIRANI?

Huku kwetu tumechanganyika, nyumba moja unakuta mjomba anaenda msikitini na shangazi yuko kwaya.

Msimu wa korosho ukifika, hapa Nanganga njia panda, pale wa Ruangwa na Nachingwea wanapoachana na wa Masasi, hela inazunguka. Hela ikizunguka, na spika za mkutano wa injili zinafungwa. Mimi sina ugomvi na mkutano. Kinachonifanya niandike ni kile kipengele cha ushuhuda. Mtu anapanda jukwaani: nilikuwa mlevi, nilikuwa mgonjwa, sasa niko hivi. Vigelegele, makofi, kapu la sadaka linapita.

Swali langu: ushuhuda upi tuuamini? Jamani, siulizi kwa kejeli. Watu wamekufa kwa sababu ya swali hili.

Tukumbushane. Mwaka 2011 taifa zima lilihamia Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu wa Kilutheri Ambilikile Mwasapila. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu, kwa hiyo huwezi kusema mzee alikuwa na tamaa. Kilichojaza ile foleni ya magari ni maneno ya waliorudi: nimepona sukari, nimepona ukimwi. Wagonjwa wakatolewa hospitali, wengine wakafia foleni.

Februari 1, 2020, Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakigombea kupita kwenye mafuta ya upako katika ibada ya Boniface Mwamposa. Kisha mwaka 2023 ikaja Shakahola, Kenya. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa msituni, watu waliofunga kula wakidhani wanakwenda kumwona Yesu. Paul Mackenzie, mhubiri aliyeshtakiwa na akakana mashtaka, zamani alikuwa dereva wa teksi. Naye alikuwa na stori yake ya kubadilika!

Sasa kuna ndugu zangu watasema basi dini yote ni utapeli. Hapo sikubali, maana historia ya hapa hapa Kusini inakataa.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA alitoka na watu waliokombolewa utumwani, wakaweka makazi Masasi. Na kuna mtoto wa Kiyao, Cecil Majaliwa, alichukuliwa utumwani, akakombolewa, akasomeshwa na misheni Zanzibar. Mwaka 1890 akawa padri, Mwafrika wa kwanza katika misheni hiyo. Miaka yake mingi ya kazi aliifanya Chitangali, huku huku Kusini, akiishi kati ya watu wa kabila lake. Huo ndio ulikuwa ushuhuda wake, na kila mtu aliweza kuukagua.

Chukua na walokole wenyewe. Jina ni la Kiganda, maana yake waliookoka. Uamsho wao ulianzia Rwanda na Uganda miaka ya 1930, ukaingia Bukoba. Wale walikuwa wakisimama na kutubu hadharani, halafu mtu anabeba kitu alichoiba anakirudisha kwa mwenyewe. Umeona tofauti? Kwao ushuhuda ulimgharimu anayeusema. Siku hizi mara nyingi unamgharimu anayeusikiliza.

Niwape mfano wa mtaani, jina naliweka kapuni. Kuna mshikaji alikuwa gongo asubuhi gongo jioni. Mwaka mmoja akauza korosho za mama yake kwa kangomba zikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa. Mama akalia msimu mzima. Baadaye jamaa akaokoka. Sisi tukacheka, tukampa mwezi mmoja. Jukwaani hakupanda. Alichofanya alirudi shambani kwa mama, akapalilia, akapuliza salfa, mavuno ya misimu miwili yote akamkabidhi mama. Aliyenishawishi kwamba kweli kabadilika hakuwa mchungaji wala yeye mwenyewe. Ni bibi jirani yao, Muislamu, aliyesema: "Yule mtoto sasa hata kuku wangu nikiwaacha nje nalala."

Wadau, huo ndio ushuhuda! Bibi hana kapu la sadaka, hana kanisa la kutangaza, na angejua mapema kuliko wote kama jamaa anaigiza.

Kwa hiyo kipimo changu ni rahisi. Kwanza, nani anapata hela stori ikishasemwa? Pili, waliodhulumiwa zamani wamerudishiwa chao? Tatu, majirani wanasemaje spika zikishafungwa na kupakiwa kwenye gari?

Na ugonjwa tuutenganishe kabisa. Mtu akikwambia ameombewa na ameacha dawa za presha au ARV, usipige makofi. ARV zinavibana virusi visizaliane, haziviui vyote. Ukiacha, vinaamka. Mtu anaweza kuonekana mzima kwa muda na ushuhuda akautoa kwa moyo mweupe kabisa, huku mwili unakwisha taratibu. Wamisionari wa Kibenediktini walifika Ndanda, hapo jirani, mwaka 1906. Walijenga kanisa, na hospitali pia wakajenga. Hawakuona kwamba kidonge kinamkosea Mungu.

Imani kubadilisha mtu, mimi nimeiona kwa macho. Ila mabadiliko ya kweli hayana haraka, yanaweza kusubiri misimu miwili ya korosho tuyaone. Anayekutaka uamini leo leo, kabla kapu halijapita, mwogope.

Naomba kuwasilisha. Wa Ruangwa, Nachingwea, Masasi na mlioko mbali, kama una jirani aliyebadilika kweli tuambie alifanya nini. Alichosema hapana, alichofanya.