Bata wa uani apewe kazi, asiachiwe mtaroni

Mjini hapa mtu akisema anakula bata, ana maana anastarehe. Lakini pita kwenye nyua za Ilala Kota au Msimbazi Bondeni, humu humu kata ya Mchikichini, uone bata mwenyewe anavyoishi. Amefungiwa kwenye banda la mabati, ana kopo la maji lisiloingia hata kichwa, na pumba anapata asubuhi na jioni. Baada ya wiki chache anaanza kunyonyoa manyoya ya wenzake. Mwenye mali akichoka na fujo anafungua mlango, na bata wanashuka mtaroni kujitafutia.

Msimamo wangu ni huu: bata wa mjini hana haja ya mtaro, na hata bwawa si lazima. Ana haja ya kazi ya kufanya hapo hapo uani. Kumwachia mtaroni tunaita kumpa uhuru, lakini kwa kweli tunamsogeza kwenye hasara na kuipeleka hasara hiyo mpaka kwenye sahani ya mlaji.

Kwa nini bata anaanza ugomvi

Bata wengi tunaofuga ni wale wenye nyama nyekundu usoni, wanaoitwa Muscovy. Asili yao ni Amerika ya Kati na Kusini, kwenye misitu iliyo karibu na maji. Huko hulala juu ya miti, ndiyo maana wana kucha kali. Mchana kutwa wanapekua majani na tope kutafuta wadudu, mbegu na majani mabichi.

Sasa mlete ndege huyo kwenye banda. Pumba anaimaliza kwa dakika chache, kisha anakaa mpaka jioni mdomo hauna kazi. Mdomo usio na kazi hutafuta manyoya. Mara nyingi huanza bata wadogo wakiwa wanaota manyoya ya mabawa na mkia. Unyoya mchanga una damu ndani, na ukivunjika na damu ikaonekana, wengine wote wanaifuata.

Wapo wanaotibu tatizo hili kwa kukata ncha ya mdomo kwa kisu. Mimi nalipinga jambo hilo. Mdomo wa bata una mishipa mingi ya fahamu, ndiyo inayomwezesha kutambua chakula ndani ya tope asiloweza kuona ndani yake. Ukiukata unampa maumivu na unapunguza uwezo wake wa kula, na sababu ya ugomvi inabaki pale pale.

Mtaroni kuna nini

Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, unafika Jangwani na kuingia baharini pale Daraja la Salenda. Njiani unapokea maji ya vyoo, ya viwanda na taka za kila aina. Mitaro yetu inamwaga huko huko, na mvua kubwa ikija maji hayo yanarudi kwenye nyua zetu. Waliokuwepo Desemba 2011 hawahitaji kukumbushwa.

Bata hali kama kuku anayedonoa punje moja moja. Anachota tope na kulichuja mdomoni, kwa hiyo kila kilichomo kwenye tope kinapita kwake. Kwenye maji yaliyotuama yenye mizoga anaweza kupata sumu inayolegeza shingo na miguu, na mara nyingi huwezi kumwokoa. Humeza vipande vya waya na misumari. Nyuzi za nguo kutoka mabaki ya mitumba humzunguka miguu na ulimi.

Kuna na jirani. Bata anaweza kubeba virusi vya mdondo bila kuonyesha ugonjwa, akazunguka nyua tano na kuwaachia kuku wa watu. Ukiona kuku wa mtaa wanakufa wakati bata wako wazima, usishangilie. Washirikishe majirani, kuku wachanjwe kila miezi mitatu, na bata wako wabaki kwako.

Na mayai ya bata aliyeshinda mtaroni unamuuzia nani? Yai la bata linaweza kuwa na vijidudu vya salmonela hata likionekana safi. Lipikwe mpaka kiini kigande, na bata alale mahali pakavu ili asilitagie kwenye uchafu.

Kazi tano za kumpa bata

1. Beseni la maji. Beseni la lita 20 linatosha kundi dogo. La muhimu ni bata aweze kuzamisha kichwa chote, kwa sababu ndivyo anavyosafisha macho na pua. Liweke saa moja au mbili jioni jua likipungua, kisha ulimwage. Weka tofali ndani na jingine nje, apate pa kukanyagia. Vifaranga wasio na mama wawekewe maji ya kina kifupi tu, maana wakilowa wanapata baridi na kufa.

2. Majani ya kuning'iniza. Jioni pale Soko la Ilala na Kariakoo majani ya nje ya kabichi yanatupwa kwa malundo. Chukua yaliyo mabichi, yaoshe, yafunge fungu moja kwa kamba nene fupi, uyaning'inize usawa wa kichwa cha bata akinyoosha shingo. Jani lililo chini linaisha mara moja. Linaloning'inia linampa kazi ya kuruka na kuvuta kwa muda mrefu. Matembele na mchicha vinafaa pia.

3. Chakula cha kutafuta. Usimwage chote kwenye sahani. Sehemu ya chenga za mchele au mtama itawanye kwenye maranda makavu ya mbao, wapekue wenyewe. Weka gogo au tofali kuukuu kwenye kona yenye unyevu, uligeuze mara moja kwa siku. Wadudu na minyoo iliyo chini yake ni karamu kwao.

4. Fito ya kulalia. Weka fito nene, imara, isiyozidi usawa wa goti. Bata jike anayefukuzwa na dume anapata pa kukimbilia.

5. Kundi lenye uwiano. Dume mmoja kwa majike wanne au watano. Madume wawili kwa majike watatu ni vita, na majike ndio wanaoumia mgongoni. Kwa ua wa hatua nne kwa nne, ushauri wangu ni bata wakubwa wasizidi sita.

Watoto wa nyumbani wafundishwe kwamba kumchezesha bata si kumkimbiza. Kwenye joto la Dar es Salaam bata anayekimbizwa mchana anaweza kuanguka na kufa.

Usimpe punje zenye ukungu kwa kisingizio kwamba "ni chakula cha ndege tu". Bata, hasa wadogo, huathirika na sumukuvu haraka kuliko kuku. Dunia iliijua sumu hiyo mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza baada ya kulishwa mashudu ya karanga zilizoota ukungu. Vifaranga wa bata nao walikuwa miongoni mwa waliokufa. Parachichi pia usimpe, na makombo yenye chumvi nyingi yaache.

Wanaosema haya ni mambo ya Wazungu

Najua litakalosemwa: bata ni kitoweo, nani ana muda wa kumburudisha? Jibu langu ni la mfukoni. Mteja anayejua bata anamgeuza, anatazama mgongo, mkia na mabawa. Aliyenyonyolewa anashushwa bei hapo hapo. Chakula ulichompa kimekwenda kuotesha manyoya mapya badala ya nyama na mayai. Jike anayesumbuliwa hatulii kwenye viota, na bata hawa huatamia siku 35, si 21 kama kuku. Akitoka katikati umepoteza mwezi mzima.

Wengine watasema maji ni ghali, na hilo ni kweli kwa anayenunua kwa ndoo. Lakini maji ya beseni hayaishii hapo. Yamwage kwenye udongo wa viroba vya mboga, yasiguse majani, na mboga zioshwe vizuri kabla ya kupikwa. Maji yamelipiwa mara moja, yamefanya kazi mara mbili.

Ndugu zangu mnaoleta bata kutoka Kisarawe na Mkuranga, hili linawahusu pia. Bata waliobanwa kwenye tenga tangu alfajiri wanafika sokoni wamechanana. Wapunguze kwenye tenga, waweke kivulini, wape maji ya kuzamisha kichwa na fungu la majani wakati wanasubiri wateja. Na unaponunua, uliza bata alikuwa akishinda wapi.

Wiki hii anza na mawili: beseni na fungu la majani. Angalia bata wako kwa siku saba kama kudonoana kunapungua. Kama ua wako hauna nafasi hata ya beseni, usifungue mlango wa mtaroni. Uza wawili, ubaki na idadi unayoiweza.