Kamari inawajua vijana kuliko shule!

Ndugu msomaji, wewe kijana uliyeketi kijiweni pale stendi ya Karatu, hebu jiulize swali moja. Nani alikufundisha kupiga hesabu ya mkeka wa mechi saba, ukazidisha odi kwa odi mpaka ukajua shilingi 1,000 yako itazaa ngapi? Si mwalimu wa Hisabati. Hukuchapwa fimbo, wala hakuna aliyekuita mbumbumbu. Ulijifunza mwenyewe, kwa sababu ulikuwa mchezo.

Wenye kamari wanajua jambo ambalo watawala wetu wanalifumbia macho. Mtu hujifunza haraka anapoona matokeo papo hapo, anapopanda ngazi moja baada ya nyingine, na anapoanguka akaruhusiwa kujaribu tena. Wao wanatumia mbinu hizo kukukamua. Shule ingezitumia kukukomboa. Kulikoni haizitumii?

Usikubali kuambiwa kwamba haya ni mambo ya Wazungu. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Wamaasai wa Ngorongoro wana enkeshui, ndugu yake bao. Mtoto aliyelicheza huko malishoni amekwisha kujumlisha, kugawanya na kupiga hesabu ya hatua ya mbele kabla hajaona ubao wala chaki. Akiingia darasa la kwanza anakutana na Kiswahili ambacho mara nyingi nyumbani kwao hakizungumzwi. Mwenzake wa Karatu naye ametoka kwenye Kiiraqw. Wote wawili wanakaa kimya, na kimya chao kinaitwa ujinga.

Mpe mtoto huyo mashimo yaliyochimbwa ardhini na kokoto za kuhesabia, uone kama mkono wake hautasema kabla ya ulimi! Kokoto haziagizwi ng'ambo. Hazina zabuni, wala hazina asilimia kumi ya mkubwa. Labda ndiyo maana hazimvutii mkubwa yeyote.

Ushahidi tunao hapa hapa nchini. Kati ya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2019, shindano la Global Learning XPRIZE lilipeleka vishikwambi vyenye masomo na michezo ya Kiswahili kwa karibu watoto 3,000 katika vijiji 170 vya Tanga. Wengi wao walikuwa hawajawahi kukanyaga shule. Mwanzoni, zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Hao ndio watoto ambao wengine wangesema hawafundishiki!

Watawala watajibu kwamba shule tayari zina mashindano. Naam, zinayo, lakini ya namna gani? Mwanafunzi anacheza mechi moja tu, mtihani wa taifa, na akifungwa anatolewa uwanjani moja kwa moja. Katika matokeo ya kidato cha nne ya 2012, zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri. Serikali ilifanya nini 2013? Ilifuta matokeo ikayapanga upya. Badala ya kuwarudisha vijana mazoezini, wakubwa wakahesabu magoli upya! Na ule utaratibu wa kutangaza kumi bora, ambao Baraza la Mitihani liliuacha Januari 2023, ulimpa motisha nani? Aliye kileleni tu. Yule wa mkiani aliambiwa kila mwaka kwamba mchezo huu si wake. Mchezo wa kweli humpa aliyeshindwa sababu ya kurudi kesho.

Lakini tusidanganyane, ndugu yangu. Hakuna mchezo bila uwanja. Kishikwambi hakipiki uji, na bao halijengi darasa. Tangu 2022 serikali imekuwa ikihamishia wakazi wa Ngorongoro kule Msomera, Handeni. Ripoti ya Human Rights Watch ya Julai 2024 ilieleza kwamba huduma zikiwamo shule na vituo vya afya zilipunguzwa kwa wale waliobaki. Watalii wanateremka kreta kwa magari ya kifahari kumwona faru, na mtoto aliyezaliwa pale juu ananyang'anywa dawati. Atachezea wapi huyo? Akikosa darasa, kamari inamngoja mjini mlango wazi, na haimwombi cheti.

Karatu iliwapeleka wapinzani bungeni tangu 1995 hadi 2020. Wananchi wake wanajua kuuliza maswali. Basi siku mgombea atakapokuja na fulana na pilau, wa chama chochote kile, hata chetu, muulize haya: Watoto wa darasa la kwanza wamepewa nini cha kushika mikononi? Mwalimu ana wanafunzi wangapi? Aliyeshindwa anarudia wapi? Akikujibu kwa wimbo wa chama, mwache aimbe peke yake.

Na wewe mwenyewe usingoje uchaguzi. Jioni moja ya wiki, acha mkeka. Chimba mashimo uani, okota mbegu za mbaazi, mwite mdogo wako. Mwanzishe kwa kuhesabu mbili mbili, kisha nne nne, kisha mgawane sawasawa. Akikosea, msicheke. Mwambie, "Cheza tena."