Lawama ya Chombo

Msomaji, wako watu wanaodai kwamba zana ngumu humkomaza mwandishi wa programu za kompyuta. Asiyeweza kufumbua mafumbo ya mashine, wasema, na akae kando awapishe wenye akili. Hoja hii ni mbovu, nami naikataa.

Itazame lugha ya Python, iliyotolewa na Guido van Rossum mwaka 1991 na kusifiwa kwa wepesi wake. Kwa muda wa miaka 30 mwanafunzi aliyefungua mabano katika mstari wa tatu, akasahau kuyafunga, mara nyingi aliambiwa tu kwamba sintaksia si sahihi, na kidole kikaelekezwa mstari wa nne, ambao haukuwa na hatia yoyote. Angefanya nini maskini yule? Aliuchunguza mstari ulio mzima, akaufuta, akauandika tena, akaambiwa vile vile. Mwaka 2021 lilitoka toleo la 3.10. Tangu hapo chombo husema wazi kuwa mabano hayakufungwa, na huonyesha mahali yalipofunguliwa.

Je, vijana walizaliwa upya mwaka ule? Hasha! Kilichogeuka ni adabu ya chombo. Basi ule ujinga tuliowabandika wanafunzi ulikuwa wa nani?

Mwalimu akipitisha wino mwekundu ukurasa mzima, akarudisha daftari pasipo kuonyesha kosa lilipo, mkaguzi atamkemea, na ni haki yake. Mashine twaisamehe kwa nini?

Watetezi wa ugumu hujibu kuwa mabingwa hawahitaji kusaidiwa. Si kweli. Bingwa naye husahau mabano; amezoea tu kudanganywa, hata amejua kutazama mstari wa juu. Kuzoea udhia si elimu. Tena kazi yake kubwa ni kusoma, kujaribu na kusahihisha, wala si kuandika tu. Chombo kisichomfaa hapo chamfaa wapi? Evan Czaplicki, mwundaji wa lugha ya Elm, alikwisha kulishughulikia jambo hili mwaka 2015. Kwa hiyo asituambie mtu kwamba haliwezekani.

Kenya iliidhinisha mtaala wa uandishi wa programu kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022. Kompyuta ni chache katika shule nyingi, na mtoto huketi kwa zamu. Zamu hiyo fupi isiliwe na mstari wa nne.